Matairi Tulivu kwa Barabara za Nachingwea na Ruangwa

Gari la familia likitoka kwenye changarawe na kupanda lami, ndipo kelele ya matairi inapojitokeza. Njia nzima ya vumbi mlango unagonga, kokoto zinarushwa chini ya bodi, na hakuna anayejali sauti moja zaidi. Ukishaishika lami ya Ruangwa kwenda Nanganga, ukafika mwendo wa 80, unasikia mvumo mzito unaotoka chini ya sakafu na kupanda pamoja na mwendo. Watoto wa kiti cha nyuma wanapaza sauti ili wasikike, redio inaongezwa, kisha inazimwa kabisa. Kwenda Lindi mjini utavumilia. Lakini ukitoka Lindi zipo kilometa zaidi ya 450 hadi Dar es Salaam, na mvumo wa saa zote hizo unamchosha dereva bila yeye kujua. Ninaichukulia kelele ya tairi kuwa jambo la usalama, si la anasa ya wenye magari ya bei.

Na sisi wa ukanda huu tunategemea matairi kuliko wengi. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwaka 1962. Tangu hapo mgonjwa, mwanafunzi, gunia la ufuta na bibi anayekwenda kuona wajukuu, karibu wote wanapita barabarani.

Wengi hununua matairi baada ya minada ya korosho ya chama cha ushirika cha RUNALI kuanza na fedha kuingia benki. Wakati ni mzuri, maana mvua ziko mlangoni. Lakini kabla hujatoa hata shilingi, ushauri wangu wa kwanza ni huu: hakikisha kelele unayotaka kuitibu inatoka kwenye matairi. Nimeona watu wakifunga matairi manne mapya, na mvumo ukabaki palepale.

Sauti zina tabia zake, na ukitulia utazitenganisha. Mwenye tatizo la tairi husikia mvumo unaobadilika barabara inapobadilika. Ukitoka kwenye kipande cha lami chakavu chenye kokoto zilizochomoza, ukaingia kwenye lami mpya iliyo laini, mvumo unashuka ghafla. Hilo ni tairi. Beringi ya gurudumu ikianza kufa, yenyewe haijali lami ya namna gani; inaimba vilevile kote. Njia ya kuijaribu: pata kipande kirefu kilichonyooka, kisicho na watu wala magari, endesha kama 60, kisha yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia. Uzito wa gari unahamia upande mmoja, na beringi mbovu ikilemewa hupaza sauti, ikipumzishwa hunyamaza kidogo. Fundi akithibitisha, badilisha beringi kwanza. Hiyo haisubiri msimu.

Usukani ukitetemeka kuanzia 80 hadi 100, kisha ukatulia ukipunguza mwendo, mara nyingi ni balansi ya magurudumu, ama rimu iliyopinda kwenye shimo. Na ile sauti ya tik-tik-tik inayokwenda kasi gari likienda kasi, kwa sisi tunaopita changarawe kila siku, huwa ni kijiwe kilichokwama kwenye mfereji wa tairi. Kichomoe kwa bisibisi bapa, pole pole, gari likiwa limezimwa. Lakini angalia vizuri kabla ya kuvuta: ikiwa ni msumari, uache hapohapo mpaka ufike kwa fundi pancha, la sivyo utabaki na tairi lisilo na upepo katikati ya pori la Kilimarondo.

Kipo kipimo kingine kinachotaka kiganja tu. Gari likiwa limesimama na matairi yamepoa, pitisha kiganja taratibu juu ya kashata, ule mpira unaokanyaga barabara, kuelekea mbele, kisha rudisha nyuma. (Angalia kwanza kwa macho, usije ukakatwa na waya uliochomoza.) Tairi lililolika sawasawa ni laini pande zote mbili. Lililolika vibaya utalihisi: ukienda upande mmoja kiganja kinateleza, ukirudi kinakwaruzwa, kama unapapasa meno ya msumeno. Meno hayo ndiyo yanayopiga lami moja baada ya jingine na kutoa ule mvumo unaofanana na wa beringi. Gari la namna hiyo linahitaji matairi, ndiyo, lakini linahitaji pia kujulikana kwa nini yamelika hivyo. Shokapu zilizochoka huliacha gurudumu lidundedunde. Bushi zilizokufa na alaimenti iliyokwenda upande hulifanya tairi liburuzwe badala ya kubingirika. Ukifunga mapya juu ya ugonjwa uleule, baada ya miezi kadhaa utakuwa na meno mapya.

Sasa tuseme umehakikisha, matairi ndiyo yenye kosa na yamefika mwisho. Uchague lipi?

Kelele ya tairi jipya hutoka zaidi kwenye kashata. Kila kipande cha kashata kinapopiga barabara kinatoa mlio mdogo, na hewa iliyobanwa kwenye mifereji inafyatuka kwa nguvu. Vipande vikiwa vikubwa na vimeachana sana, kila pigo linasikika. Vikiwa vidogo, vimeshikana, na urefu wake umechanganywa makusudi kuzunguka tairi, milio haijikusanyi kuwa mvumo mmoja. Ndiyo maana tairi la gari dogo la barabara kuu, lenye mifereji mitatu au minne iliyonyooka kuzunguka na mikato myembamba pembeni, huwa tulivu kuliko lile lenye kashata za kutambaa kwenye tope.

Hapo ndipo watu wa kwetu wanapokosea, na sababu yao naielewa. Mtu anakaa Mbekenyera au Mandawa, mwisho wa safari yake ni udongo mtupu, masika yakichanganya tope linashika mpaka kwenye bampa. Anaona bora afunge matairi yenye alama ya A/T (ya njia zote), ama hata M/T (ya tope), kwenye RAV4 au X-Trail yake. Mimi nasema hesabu kilometa. Kama gari linashinda kwenye tope wiki nzima, kazi ya shamba na kupeleka pembejeo, A/T ni haki yake na kelele utaikubali. M/T waachie wenye Land Cruiser za porini. Lakini kama tope ni la mwisho wa safari tu, na miezi mingi ya mwaka njia hiyo ni kavu, unajinunulia mvumo wa mwaka mzima kwa ajili ya siku chache ambazo, kwa kweli, ungeweza kusubiri mvua ikatike na njia ikauke. Kwa gari la juu kidogo linalogawana lami na changarawe, tairi lenye alama ya H/T (la barabara kuu) linatosha: kashata zake zimefungana, na ubavu wake ni mgumu kiasi kwa kokoto.

Wenye Noah wana mtego wao. Muuzaji atakuambia, "Mzee, chukua hili lenye C, gumu, halipasuki." Herufi C mwishoni mwa saizi, kama 195R15C, ina maana tairi la gari la mizigo. Ubavu wake ni mzito, linataka upepo mwingi, na linapitisha kila kijiwe moja kwa moja hadi kwenye kiti. Noah inayobeba abiria au magunia kila siku, sawa. Noah ya baba, mama, watoto na mabegi haihitaji. Noah nyingi huvaa 195/65R15, na ukichukua lenye namba ya uzito 91, kila tairi limeruhusiwa kubeba kilo 615. Manne ni kilo 2,460, gari lenyewe likiwemo. Kinachotakiwa ni kuheshimu hesabu hiyo siku ya kurudi kutoka shamba.

Kuhusu saizi sitazunguka: baki na ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Tairi pana zaidi hukanyaga barabara kwa eneo kubwa zaidi na kwa kawaida hupiga kelele zaidi. Vijana wanapenda rimu kubwa na tairi lenye ubavu mwembamba, yaani namba ya katikati inashuka kutoka 65 kwenda 50 au 45. Ubavu ndio godoro la gari. Ukiupunguza, mtikisiko wote unaingia ndani, na shimo moja linatosha kupinda rimu au kupasua ubavu, jeraha ambalo fundi pancha hawezi kuliziba kwa usalama. Barabara yetu ya kwenda Dar imejaa viraka, na mvua za mwaka 2024 zilipoikata pale Somanga kila mtu aliona lami inavyoweza kuondoka kwa usiku mmoja. Ubavu wa 65 ni rafiki wa familia.

Kuna tairi moja linaloingia huku likiwa limefungwa kwenye gari lililotoka Japani, na wengi hawalijui. Soma ubavuni. Ukikuta neno STUDLESS, hilo ni tairi la theluji. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi kali, na kashata zake zimejaa mikato midogo ya mawimbi. Kwenye jua la Nachingwea mpira huo unalegea kupita kiasi, unalika haraka na bila usawa, na juu ya lami yenye maji haushiki inavyotakiwa. Kwa kuwa linaonekana nene na jipya, wenye magari hulibakiza kwa miaka. Litoe. Usikubali pia kuuziwa tairi la namna hiyo la mtumba, hata likiwa na kashata ndefu kiasi gani.

Ukishafika dukani, usianze na bei. Mwambie muuzaji kwa upole: "Kaka, naomba ulitoe nje niusome ubavu wake." Tafuta herufi DOT na ufuate mstari mpaka mwisho, penye tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Tarakimu 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mara nyingine tarakimu hizo zipo upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo geuza. Mpira huwa mgumu kadiri unavyozeeka hata kama haujatembea, hasa tairi likianikwa nje ya duka juani ili wapita njia walione, na mpira mgumu hupiga kelele na kuteleza kwenye maji. Binafsi silipi bei ya tairi jipya kwa tairi lililozidi miaka 3. Kagua manne yote, maana si ajabu moja likawa la mwaka mwingine kabisa.

Ulaya wana kibandiko kinachoonyesha desibeli za kelele ya tairi. Kilianza mwaka 2012 na kikabadilishwa mwaka 2021, sasa kina herufi A, B au C pembeni ya namba hiyo. Ukikikuta kwenye tairi huku, kisome kwa makini: kelele hiyo imepimwa nje ya gari, na vipaza sauti vilivyosimamishwa mita 7.5 kutoka katikati ya njia, gari likipita injini imezimwa. Anayezungumziwa ni jirani anayeishi kando ya barabara, si wewe uliye ndani. Bado inasaidia kulinganisha matairi mawili ya saizi moja, kwa sababu tofauti ya desibeli 3 ni nishati ya sauti mara mbili. Lakini usilikatae tairi zuri kwa desibeli 1.

Kwenye kibandiko hichohicho kuna herufi ya kushika breki kwenye maji, na hiyo naitanguliza mbele ya kelele bila kusita. Pasipo kibandiko, matairi mengi yana neno TRACTION ubavuni likifuatwa na AA, A, B au C. Kwa familia, A ndiyo ya chini kabisa kwangu. Kuna matairi ya bei ya chini ambayo ni tulivu kwa kuwa mifereji yake ni michache na mifupi. Nayo ndiyo yanayoelea juu ya maji mvua ya Januari ikishuka. Utulivu wa namna hiyo usiutake.

Kampuni gani? Ukipata uwezo, Michelin ya familia ya Primacy, Bridgestone Turanza na Yokohama ya mfululizo wa Advan dB zimetengenezwa zikilenga utulivu, na utauhisi. Matairi ya China na India yamepanda ubora sana, wala sioni aibu kumshauri mtu mwenye IST anunue seti nzima ya hayo, mradi yawe ya mwaka wa karibuni na mfano uleule yote manne. Afadhali manne mapya ya bei ya kati kuliko mawili ya bei kubwa yaliyochanganywa na mawili ya mtumba. Yapo pia matairi yenye sponji ndani kwa ajili ya kumeza mvumo. Kwa Masaki kule Dar ni sawa. Huku tunakopata pancha njiani, kila kiraka cha ndani kitamlazimu fundi kuikata na kuibandua sponji hiyo kwanza, na mafundi wengi wa barabarani hawajawahi kuiona. Siyashauri.

Kama mfuko unaruhusu mawili tu, yafunge nyuma. Najua mkono unakwenda mbele, kwa kuwa mbele ndiko kuna injini na usukani. Lakini nyuma ikiteleza kwenye lami yenye maji gari linageuka lenyewe, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Ya mbele yakianza kuteleza, angalau unaachia mafuta na usukani unarudi.

Kufunga nako kuna utulivu wake. Tairi lenye mshale na neno ROTATION lizunguke upande wa mshale. Lenye neno OUTSIDE, neno hilo lionekane nje. Likifungwa kinyume hupiga kelele tangu siku ya kwanza na hutoa maji vibaya. Simama hapo fundi anapofanya kazi, mwombe asafishe kutu kwenye rimu kabla ya kuvalisha, na afunge vali mpya. Balansi ni ya lazima kwa magurudumu yote manne. Ikiwa mjini kwako hakuna mashine ya alaimenti, ipangie siku utakayokwenda Masasi, Mtwara au Dar, lakini usiache ipite miezi.

Upepo ndio unaoharibu matairi mazuri kuliko kitu kingine, na hapa ningependa tukae kidogo. Ukiegesha kwa fundi upepo bila kusema neno, huenda akajaza 40 au zaidi, kwa imani kwamba tairi likiwa gumu halipati pancha. Tairi lililojazwa kupita kiasi hukanyaga kwa katikati tu, linarukaruka kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi, linalika katikati na kuvuma. Lenye upepo mdogo hulika mabega na kupata moto, na moto ndio unaopasua tairi. Namba sahihi ipo kwenye kibandiko cha mlango, ila magari ya Japani huiandika kwa kPa wakati geji ya fundi inasoma PSI. Gawanya kwa 7 utapata makadirio ya karibu; kwa hesabu kamili 200 ni kama 29, 220 ni kama 32, na 240 ni kama 35. Iandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Mwambie fundi, "Ndugu yangu, nijazie 32, usizidishe," na upime asubuhi kabla gari halijatembea, kwani tairi lililopata moto husoma zaidi ya ukweli. Siku ya mzigo mzito fuata namba ya mzigo kama kibandiko kinayo, kisha urudishe ukishashusha.

Badilishanisha matairi ya mbele na ya nyuma kila baada ya kilometa 8,000 hivi. Kwa gari linaloshinda kwenye njia ya Liwale usingoje zaidi ya 5,000. Meno ya msumeno huanza mapema na kimyakimya, na yakishakomaa hakuna fundi wa kuyasawazisha. Tumia nafasi hiyohiyo kutazama vile vinundu vilivyo ndani ya mifereji: vimewekwa kwenye urefu wa milimita 1.6, na kashata ikifikia usawa wake tairi limekwisha, hata kama bado linakwenda. Mimi nabadilisha kabla, kwenye milimita 3, kwa ajili ya masika.

Siku ya kufunga mapya, kati ya yale manne ya zamani yaliyotolewa, chagua lililo bora liwe la akiba, mradi saizi yake ni ileile na halijafika miaka 10, na ulijaze upepo kabla ya kulirudisha nyuma ya gari. Kisha endesha kilometa 50 hadi 100 kwa mwendo wa kawaida, usimame penye kivuli, na uzikaze tena nati zote za magurudumu kwa spana, kwa mtindo wa kuvuka kutoka nati moja kwenda ile inayoikabili.